Sabuni ya Mkwe

Katika mji mzima wa Tukuyu hakuna aliyeuza Elwisye nyingi kumshinda Tulinagwe, na hakuna aliyewahi kumsikia akilitaja jina hilo. Alisimama nyuma ya kaunta ya duka la mumewe, amezungukwa na maboksi yaliyoandikwa ELWISYE kwa herufi nyekundu, na mteja akiuliza ni sabuni gani, alinyoosha kidole tu. Waliomzoea hawakushangaa. Wageni walidhani hajui kusoma, naye aliwaacha wadhani hivyo kwa kuwa ilikuwa nafuu kuliko kueleza.

Sababu ilikuwa baba mkwe wake, Mzee Anyelwisye wa Lupepo, mkulima wa ndizi na mzee wa kanisa. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, na halitaji jina lake wala neno linalofanana nalo. Wasichana wa siku hizi wameanza kulegeza, lakini Tulinagwe alilelewa na shangazi aliyeishika desturi hiyo kama amri ya kumi na moja. Hata neno la Kinyakyusa la rangi nyeupe, kwa kuwa linakaribiana na jina la mzee, alikuwa halitamki. Shuka nyeupe kwake ilikuwa shuka ya maziwa. Baba mkwe mwenyewe, Tulinagwe alimjua kwa viatu vyake tu.

Na kampuni iliyotengeneza sabuni hiyo ilikuwa kubwa kiasi cha kutojijua. Zamani lilikuwa Shirika la Usafi na Lishe, mali ya umma, na wakati huo halikuhitaji kujitangaza: sabuni ilikuwa moja, foleni ilikuwa moja, na aliyeipata alimshukuru Mungu. Kisha biashara ikawa huria, wawekezaji wakalinunua shirika na kulifupisha jina likawa USALI, na sabuni za Kenya na Malawi zikaingia zimevaa karatasi za kung'aa. USALI walitengeneza sabuni, mafuta ya kupikia, mishumaa na biskuti, na vyote vilipanda lori moja, ndiyo maana biskuti zao ukizitafuna zilikuwa kama zinataka kutoa povu. Gari lao lilipoingia Tukuyu mara ya kwanza, neno USALI limeandikwa ubavuni, watu walidhani ni wahubiri, na mama mmoja wa Nkunga akambeba mwanawe mwenye kifafa akamleta aombewe. Dereva alimwombea, maana alikuwa mtu mwema.

Sabuni ya USALI iliitwa Nuru, ikaitwa Nuru Mpya, ikaitwa Fanaka, na hakuna aliyeshika hata moja. Watu walisema "sabuni ya mche" na kuchukua iliyokuwa karibu. Ndipo wakubwa wakapata wazo kwamba kila kanda iwe na jina la lugha yake, na kwenye semina ya Mbeya wakawaomba waliotaka uwakala watoe mapendekezo. Lazaro, mume wa Tulinagwe, alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha chai na aliutaka uwakala huo kuliko kitu chochote duniani. Akasimama akasema Wanyakyusa wana neno la kale la usafi, Anyelwisye, maana yake amenitakasa. Hakusema kwamba ni jina la baba yake. Wakubwa walilipenda, ila mmoja wao akanong'ona kwamba sabuni haiwezi kuanza na "anye" mbele ya watu wanaojua Kiswahili. Wakalikata kichwa, likabaki Elwisye, na Lazaro akapewa Rungwe nzima.

Alirudi nyumbani akitegemea kuchinjiwa kuku. Tulinagwe aliposikia jina la sabuni alikaa juu ya gunia la chumvi.

"Sasa mimi dukani nitauza nini, Baba Neema?"

"Sabuni."

"Inaitwaje?"

Hilo Lazaro hakuwa amelifikiria.

Ndivyo ilivyozaliwa Mkwe. Mwanzoni Tulinagwe alisema "ile ya mkwe wangu", na wanawake wenzake wakaelewa, wakacheka mpaka wakashika kaunta. Wengi walikuwa na mzee wa jina hilo, au linalokaribiana nalo, kwenye ukoo wa mume, na hata asiyekuwa naye aliona aibu kulitaja mbele ya mwenzake. Haukupita muda mrefu, ikawa Mkwe tu. Mkwe ametelezea mtoni. Mkwe wangu ameisha, niazime wako kidogo. Leo nimemsugua Mkwe kwenye nepi mpaka kakonda. Walitukana kwa raha, maana hawakuwa wamemtaja mtu, na sabuni ikauzika kuliko Nuru na Fanaka zote zikiwekwa pamoja. Hata walimu waliohamishwa kutoka Bukoba na Tanga, ambao wakwe zao walikuwa mbali na hawakuwa na habari na desturi ya mtu, walikuja wakiomba Mkwe.

*

Siku Belinda alipofika dukani, mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida ya Tukuyu, bila haraka na bila nia ya kuacha. Belinda alikuwa binti wa Morogoro aliyeajiriwa na USALI kuzunguka akiwauliza akina mama wanatumia sabuni gani. Alikuwa na viatu vya visigino ambavyo tope la Rungwe lilikuwa limeshavila nusu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na mvua."

"Ahsante. Mama, nyumbani unafulia sabuni gani?"

"Hiyo," alisema Tulinagwe.

"Ipi?"

"Hiyo uliyoegemea."

Belinda aligeuka, akaona maboksi yaliyopangwa mpaka darini. Alitabasamu kwa matumaini. "Inaitwaje, mama?"

"Si imeandikwa?"

"Nataka niisikie kwako. Ndiyo kazi niliyotumwa."

"Mwanangu, wewe umesoma kuliko mimi. Soma tu mwenyewe, mimi nitaitikia."

Belinda aliandika kwamba mama huyu haijui sabuni anayoiuza. Alikuwa bado anaandika Elina alipoingia, mwanamke wa Nkunga anayeuza ndizi sokoni, mkungu kichwani na maji yakimchuruzika puani.

"Shoga, nipe Mkwe," alisema. "Yule wa juzi kaisha. Shemeji yako kaanguka na baiskeli kwenye matope, nimemfua yeye na suruali kwa pamoja."

Tulinagwe alijifanya kukohoa, akamkonyeza. Elina hakuelewa kukonyezwa. Alikuwa mtu wa kusema.

"Mkwe ni sabuni?" aliuliza Belinda.

"Wewe, mtoto, unatoka wapi? Hapa kila mtu anafulia Mkwe. Hata mke wa mchungaji. Hizo nyingine zinachubua mikono."

Belinda aliandika haraka haraka. Elina aliona fahari kwamba maneno yake yanaandikwa, akayarudia polepole, akaongeza na jina la ukoo wake.

*

Benson, bwana masoko wa USALI, alikuwa amepanga nyumba ya wageni karibu na stendi. Jioni alimwita Lazaro hotelini, akamwagizia ndizi kwa nyama. Mwenyewe hakula. Alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye tai, na tangu afike alikuwa akivaa sweta mbili chini ya koti na bado anatetemeka.

"Kaka Lazaro, tumekwisha," alisema. "Kati ya akina mama wote aliowahoji Belinda, hakuna hata mmoja aliyeitaja Elwisye. Wote wanafulia Mkwe."

Lazaro alimeza kipande cha ndizi bila kukitafuna.

"Unaijua hiyo Mkwe?"

"Nimewahi kuisikia."

"Inatoka wapi?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema kweli, na Lazaro alipaona. Lakini kusema kweli kulimaanisha kueleza kwamba neno la kale la Wanyakyusa ni mzee mmoja wa Lupepo anayelima ndizi, na kwamba semina nzima ilidanganywa na mtu aliyekuwa anatafuta kazi. Alifikiria nauli aliyoiazima kwenda kwenye semina ile. Alifikiria maboksi.

"Nadhani Malawi," alisema.

"Nilijua!" Benson alipiga meza. "Wanaivusha mpakani Kasumulu kwa baiskeli. Na angalia walivyotushinda. Sisi kiwanda kizima, maabara, magari, watu wenye digrii, na jina letu halipo mdomoni mwa mtu. Wao hawana hata kibao barabarani."

Kesho yake alimtuma dereva mpakani kuitafuta Mkwe. Dereva alirudi jioni na sabuni moja ya Kimalawi isiyohusika, samaki wa kukaanga, na habari kwamba Wamalawi nao walimuuliza Mkwe ni nini. Benson akaamini kwamba hata kule inafichwa.

Akaamua kupigana. Jumamosi kutakuwa na kampeni sokoni, gari la vipaza sauti litakuja, mtu wa redio atakuwepo na mashine ya kurekodi. Mke wa wakala atapanda garini na kusema mbele ya watu: mimi ni mama wa Tukuyu, sabuni yangu ni Elwisye.

"Hayo tu," alisema Benson. "Wakubwa wakilisikia jina kutoka kwa mama wa hapa hapa, uwakala unabaki kwako. Wasipolisikia, kaka, mimi sina la kukusaidia. Kuna mfanyabiashara wa Mbeya ameshaandaa ghala."

*

Lazaro alizunguka na habari hiyo moyoni siku nzima. Alimpasulia mkewe kuni bila kuombwa, akachota maji, akasifia mboga. Tulinagwe alimtazama akiyafanya hayo yote kisha akaketi kwenye kigoda.

"Haya. Umefanya nini?"

Akamweleza. Tulinagwe hakupiga kelele. Alichukua ungo akaanza kuchagua maharage, na kila bovu alilitupa kwa nguvu kidogo.

"Ni neno moja tu, Mama Neema."

"Ni baba yako."

"Ni sabuni."

"Nani aliyemfanya sabuni?"

Lazaro akajaribu upande mwingine. "Mchungaji mwenyewe alisema mambo haya siyo dhambi wala siyo wokovu. Ni mila tu."

"Basi apande mke wake. Mbona naye ananunua Mkwe?"

"Wanamtaka mke wa wakala. Ukikataa, Jumatatu maboksi yanahamia Mbeya. Kiwanda cha chai hakinirudishi. Neema atarudi shule kwa karo gani?"

"Kwa nini usiwaambie kwamba Mkwe ndiyo hiyo hiyo?"

"Nimeshasema inatoka Malawi."

Tulinagwe alimwangalia mume wake kwa muda, mtu mzima mwenye ndevu, ambaye kwa hofu ya kuonekana mwongo alikuwa amekwenda mpaka nchi ya nje. Alitaka kucheka na alitaka kumpiga na ungo. Hakufanya lolote, kwa sababu nje kulisikika hatua za mzee akipanda kutoka barabarani, naye akainuka akaingia jikoni na kujibanza nyuma ya mlango, kama alivyofanya tangu alipoolewa.

Mzee Anyelwisye hakuingia ndani. Alikaa kwenye benchi la barazani. Kupitia upenyo wa mlango Tulinagwe aliviona viatu vyake, vyeusi, vimepakwa dawa.

"Ugonile, taata," Lazaro alimwamkia baba yake.

"Ndaga. Gwe Lasalo, nimesikia Jumamosi jina langu litaingia kwenye ledio."

"Ni kweli, taata."

"Atalisema nani?"

Lazaro aliangalia mikono yake. "Mama Neema."

Viatu vilisogea kidogo. "Hilo halifai," alisema mzee. "Halifai kabisa." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Litasikika mpaka Dalesalaam?"

"Nchi nzima."

"Hata Mwansa?"

"Hata Mwanza, taata."

Mzee alivuta pumzi. Maishani mwake jina lake lilikuwa limeitwa kanisani, mnadani, na mara moja mahakamani kwa kesi ya mbuzi. "Labda mimi nisiwepo," alisema. "Nitakwenda Igogwe kwa shangazi yako. Nisiposikia, atakuwa hajanitaja."

"Shangazi ana redio."

"Nitamwambia aisime." Akafikiri. "Lakini akiisima, mimi nitajisikiaje?"

Walijadiliana hivyo mpaka chai ikaisha. Je, akiziba sikio moja? Je, kwa kuwa ni Elwisye na siyo jina lote, si ni nusu ya kosa? Nyuma ya mlango Tulinagwe alisokomeza upande wa khanga mdomoni ili asicheke, na katikati ya kicheko akajikuta analia. Wanaume wawili walikuwa barazani wanagawana mdomo wake, huyu anataka kipande hiki na yule kile, na hakuna aliyebisha hodi kumuuliza mwenye mdomo. Iliyomuuma siyo mila. Mila aliibeba mwenyewe kwa hiari, ndiyo heshima pekee ambayo hakuna aliyemnunulia wala aliyeweza kumpunguzia. Ilimuuma kuona jinsi ilivyokuwa rahisi kwao kuipigia bei.

*

Jumamosi mvua ilipumzika kwa adabu. Gari la USALI liliegeshwa katikati ya soko, na kwa kuwa neno lile lilikuwa bado ubavuni, wazee wawili walikuja na vitabu vya nyimbo. Benson alipanda juu, amevaa fulana ya kampuni juu ya sweta zake.

"Nikisema Elwisye, nyie mnasema safi! Elwisye!"

"Safi," waliitikia wanaume na watoto. Wanawake walitazama ndizi zao.

"Sijawasikia akina mama! Elwisye!"

Akina mama walizidi kutazama ndizi zao. Mmoja alianza kuzipanga upya. Mtu wa redio alivua vile vidude vya masikioni akavikagua kama vimekufa.

Tulinagwe aliitwa. Alipanda kwa kushikwa mkono, kitenge kipya, kichwa amekifunika khanga, na Benson akampa kipaza sauti kana kwamba anampa mtoto mchanga. Kutoka juu aliliona soko lote. Alimwona Lazaro pembeni ya gurudumu, amejishika mikono. Aliinamisha macho haraka kukwepa nyuso za mstari wa mbele, na hapo chini, mbele ya kiti cha heshima, akaona viatu vyeusi vilivyopakwa dawa. Mzee hakwenda Igogwe.

"Sema tu, mama," alinong'ona Benson.

"Mimi ni mama wa Tukuyu," alisema Tulinagwe, na sauti yake ikatoka kwenye vipaza ikagonga mabati ya soko ikarudi. "Sabuni yangu ni..."

Alifikiria karo ya Neema. Alifikiria Lazaro akizunguka tena vijiweni na bahasha ya vyeti, akiwaamkia watu anaowazidi umri. Neno lilikuwa limemfika kwenye ulimi, jepesi tu, watoto walikuwa wanalipigia kelele muda wote huo. Kiatu kimoja cha mzee kilikuwa kinapigapiga chini, upesi upesi. Hakujua kama mzee anaomba aseme au anaomba asiseme, na aliona kwamba mzee mwenyewe hajui. Basi kama hakuna anayejua, mwenye mdomo ndiye atakayeamua.

"Sabuni yangu ni Mkwe," alisema.

Soko lililipuka. Vigelegele vilipigwa kuanzia kwenye ndizi mpaka kwenye dagaa. "Mkwe!" Elina alipaza sauti, na wanawake wote, waliokuwa bubu tangu asubuhi, wakajibu kwa pamoja, "Safi!" Mtu wa redio alirudisha vidude vyake masikioni akiwa na furaha tele.

Benson alimpokonya Tulinagwe kipaza sauti, akateremka nacho mkononi, uso umempauka. Alimfuata Lazaro pale kwenye gurudumu. "Mkeo amemtangaza adui," alisema. "Kwenye gari letu. Kwa umeme wetu. Kaka, uwakala umeisha leo hii."

Lazaro alimtazama mkewe juu ya gari, peke yake, khanga imemteleza. Pengine kama asingemwona vile, angeendelea na Malawi yake mpaka kaburini.

"Hakuna adui, bwana Benson," alisema. "Mkwe ndiyo Elwisye. Ni jina la baba yangu, yule mzee aliyekaa pale. Mimi ndiye niliyewapa. Wake zetu hawawezi kulitaja, ndiyo maana wanaiita Mkwe."

"Na Malawi?"

"Malawi nilikudanganya. Na lile neno la kale pia nilidanganya. Nilikuwa natafuta kazi."

Kipaza sauti hakikuwa kimezimwa. Maneno yote yalitoka kwenye vipaza, makubwa na ya wazi, mpaka stendi. Kikafuata kicheko kilichomfanya Lazaro atamani ardhi ya Tukuyu, ambayo huteleza kila siku bila sababu, iteleze sasa na kuondoka naye. Watu walimpigia makofi ya dhihaka. Mtu mmoja aliuliza Malawi hajambo.

Mzee Anyelwisye alisimama. Watu walinyamaza wakidhani atamlaani mwanawe. Alivua kofia, akageuka kulia akawapungia, akageuka kushoto akawapungia, kama aliyepita bila kupingwa.

Benson alikuwa kijana, na hakuwa mjinga. Alipiga hesabu ya jinsi atakavyowaambia wakubwa kwamba sabuni yao inaongoza soko na kwamba yeye ndiye aliyeligundua hilo. Rangi ilimrudi usoni. "Basi jina tunalo," alisema. Alimtazama mzee, aliyekuwa bado anapunga. "Kilichobaki ni sura."

Akamwita mpiga picha.

*

Uwakala ukabaki kwa Lazaro. Kwa muda mrefu alipopita mtaani walimwita "Malawi", naye aliitika, maana alikuwa na kazi. Masika yalipokuwa yanaelekea mwisho lori likaleta maboksi mapya, siku ambayo Lazaro alikuwa Mbeya na Neema yuko shule. Tulinagwe aliyafungua peke yake dukani.

Jina lilikuwa MKWE, fupi, la kutajika. Alifurahi. Kisha akaugeuza mche mkononi. Katikati yake, kwenye sabuni yenyewe, Dar es Salaam walikuwa wamepiga muhuri wa kichwa cha mtu.

Kwanza alidhani ni Lazaro, amezeeka. Masikio yale yale yaliyosimama, pua ile ile. Halafu akaelewa anamtazama nani, na akafumba macho, akaugeuza mche. Upande wa pili alikuwepo pia. Walikuwa wamempiga pande zote nne, na maboksi yalijaa mpaka mlangoni.

Alifumbua macho akamtazama. Sasa hapakuwa na mlango wa kujibanza nyuma yake. Alimtazama baba mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na hakuwa wa kutisha. Kola ilimpwaya shingoni. Alikuwa amekaza midomo kwa ajili ya picha kama mtoto aliyeambiwa asicheke, na mdomo ule ulikuwa wa Neema, wa Neema kabisa. Tulinagwe alimwonea huruma. Miaka yote ile alikuwa akimkimbia huyu.

"Shoga, Mkwe mpya amefika?" Elina aliingia na mkungu wake, akautua. "Nikatie nusu."

Watu wa Dar es Salaam hawakulijua hili, na hakuna aliyewauliza: Rungwe hakuna anayenunua mche mzima. Mwenye nacho hukatiwa nusu, asiyenacho robo, na kisu cha sabuni hupita katikati siku nzima.

Tulinagwe aliuweka mche kwenye kaunta. Elina aliinama, akatazama, akajishika mdomo.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Mama yangu." Elina alimtazama mzee, akamtazama mwenzake. "Nichukue basi mche mzima?"

"Una hela ya mche mzima?"

"Sina."

"Na ninyi nyote mtakaokuja leo?"

Nje wanawake wengine walikuwa wanapanda kutoka sokoni, wamejitanda khanga, wamekunja noti zao ndogo ndogo viganjani. Tulinagwe alichukua kisu. Alikiweka juu ya sabuni, akakisogeza kushoto, akakisogeza kulia. Popote alipokiweka ilikuwa ni uso wa mzee.

"Nisamehe, taata," alisema, na akakandamiza.

Kisu kilipita chini ya pua. Elina alivitazama vipande viwili, akachukua chenye kidevu, akakifunga kwenye pindo la khanga.

"Hicho chenye macho baki nacho wewe," alisema. "Ni mkwe wako."

Tulinagwe alikisimamisha kwenye rafu, mbele ya maboksi. Kilimtazama, naye akakitazama. Hakuinamisha macho. Mteja mwingine alikuwa ameshafika mlangoni, anakung'uta matope.

"Ugonile," alimwambia. "Karibu. Nikukatie wapi?"